Feni Nyepesi Mkononi

"Feni nyepesi mkononi, nzito mlimani." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo binti aliyekuwa akimsifu mchumba wake kwamba hajawahi kumpinga hata kwa neno moja. Mkacheka, kisha mkauliza feni imeingiaje kwenye mambo ya ndoa. Basi tulieni niwaeleze. Maneno hayo yalizaliwa mchana mmoja kwenye barabara ya kupandia Usangi, na waliokuwa garini siku ile hawakucheka hata kidogo.

Alikuwako mwalimu mstaafu aliyeitwa Nakundwa. Marehemu mumewe alimwachia Benzi la zamani, jeupe kama maziwa, lililonunuliwa kabla hata mtoto wao wa kwanza, Mbazi, hajazaliwa. Watu walimsihi aliuze. Yeye aliliosha kila Jumamosi na kuliendesha mwenyewe.

Mwaka ule klachi ya feni ilikufa. Nyuma ya feni ya gari kama lile hukaa kidude cha mviringo, kinene kama sahani mbili zilizofunikana, chenye mafuta mazito ndani. Injini ikipata moto, kidude hicho huishika feni na kuilazimisha izunguke kwa nguvu ili maji ya rejeta yapoe. Mafuta yakivuja, feni huzunguka kivivu tu.

Fundi wake, Kiangi, alikuwa na gereji pale Mwanga, chini ya mlima. Alimletea klachi kuukuu aliyoitoa kwenye Benzi lililogongwa. Ilikuwa na kutu, na Nakundwa alipojaribu kuizungusha ilimgomea. Ilisogea kidogo, ikasimama.

"Hii imekwama," alisema Nakundwa.

"Haijakwama, Mwalimu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

Nakundwa akadhani fundi anataka kumtupia takataka za gereji yake. Akaenda Moshi, akaingia duka la vipuri. Muuzaji akamwekea mezani klachi mpya inayong'aa kama kijiko cha harusi, akaipiga kwa kidole. Ikazunguka, ikazunguka, bila sauti. "Ona ilivyo laini, mama," alisema. Nakundwa hakuuliza la pili.

Kiangi aliipokea, akaizungusha, akatikisa kichwa. "Nitaifunga kwa kuwa umeniambia. Lakini hii haina ubishi, Mwalimu."

"Ubishi wa nini? Nimenunua feni, sikuchagua mume!"

Siku tatu gari lilikwenda vizuri kwenye barabara za tambarare, ambako upepo wa mwendo huipoza injini wenyewe. Siku ya nne Nakundwa alikwenda Moshi kumchukua mama mkwe wake, Bibi Nanzia, aliyekuwa amepasuliwa macho hospitalini. Bibi alifungwa bendeji macho yote mawili, na daktari alikataza asitikiswe. Walipoanza kupanda mlima kwenda Usangi, nyumbani kwa Bibi, jua lilikuwa utosini.

Kona ya tatu, Nakundwa aliona mshale wa kipimo cha joto la injini umepita katikati. Kona ya tano ulikuwa umekaribia wekundu. Mkono wake wa kushoto kulikuwa na ukuta wa mlima; wa kulia, korongo ambalo miti yake mirefu ilionekana kama majani ya mchicha. Barabara ilikuwa nyembamba na mwinuko mkali, na breki ya mkono ilikuwa imechoka. Kusimama aliogopa, kuendelea aliogopa. Akafungua hita yote ili kuipunguzia injini ule moto.

"Mama Mbazi, mbona joto?" aliuliza Bibi kutoka kiti cha nyuma.

"Ni jua, Mama."

"Jua halipulizi miguuni."

Jasho lilimwingia Nakundwa machoni. Harufu tamu ya maji ya rejeta yanayoungua ilijaa garini, mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Mshale ukagota mwisho. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

Alikanyaga breki, ikashika. Akaiachia kidogo ajaribu kuwasha, gari likaanza kurudi nyuma. Akakanyaga tena. Safari hii pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, kwa kuwa injini iliyokuwa ikiisaidia ilikuwa imelala. Akavuta breki ya mkono mpaka mwisho; gari likapunguza mwendo, halikusimama. Kwenye kioo aliona anga tupu pale barabara ilipokata kona.

"Mwanangu, tunarudi nyuma?" Sauti ya Bibi ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Niambie ukweli, mimi sioni."

"Tunarudi, Mama. Shika kiti kwa mikono miwili!"

Akasimama kwa miguu yote miwili juu ya breki, akauzungusha usukani kwa nguvu zote ili mkia wa gari uelekee mlimani. Gurudumu la nyuma likatumbukia mtaroni, bampa likagonga udongo, gari likatulia. Mbele, gurudumu moja lilikuwa katikati ya barabara. Nakundwa alishuka, akaweka mawe chini ya magurudumu, akamtoa Bibi polepole, akamketisha ukingoni na kumkumbatia. Wote wawili walilia.

Kiangi alipigiwa simu, akapanda na pikipiki, ile klachi yenye kutu ikiwa ndani ya gunia. Alisubiri injini ipoe, akaifungua ile mpya, hakusema "nilikuambia". Nakundwa alitamani angesema.

"Nipeni niishike hiyo iliyotaka kutuua," alisema Bibi Nanzia.

Wakampa ile mpya. Akaisukuma kwa kidole, ikazunguka juu ya mapaja yake bila kukoma.

"Na ile nyingine?"

Kiangi alikuwa bado hajaifunga. Bibi akaishika, akaisukuma. Ikamgomea. Akaisukuma tena, ikasogea kwa shingo upande.

"Nyie wenye macho mlichagua nini?" aliuliza. "Hii yenye kubisha ndiyo ingeshika kazi."

Nakundwa akainamisha kichwa. "Niliipenda ile kwa sababu haikunisumbua, Mama."

"Basi sasa umejua, mwanangu. Feni nyepesi mkononi, nzito mlimani."

Kiangi akaifunga, akajaza maji ya rejeta, na gari likatolewa mtaroni. Walipanda hadi Usangi kwa mwendo wa kinyonga, feni ikivuma kama upepo wa masika, na Nakundwa hakuondoa jicho lake kwenye mshale mpaka alipozima injini uani kwa Bibi. Juma lile lile Kiangi aliwasimulia wateja wake maneno ya Bibi, nao wakaenda nayo majumbani. Ndipo watu wakaanza kuwapima kwayo marafiki wasiokosoa, viongozi wanaoitikia kila jambo, na wachumba wanaokubali kila neno. Mteremkoni wote hao ni wazuri. Lakini siku njia itakapopanda watageuka mzigo, nawe utahitaji mwenye kukushika: feni nyepesi mkononi, nzito mlimani.