Mkono Mmoja wa Chilewa

Aliyenisimulia kisa hiki kwanza ni mama mkwe wangu, Bi Nyemo, nikiwa bado ndani na mtoto mchanga.

Hapo zamani, mwaka wa njaa, alikuwapo Chilewa, mdandia treni. Treni ya mizigo ilipopanda mlima ikipumua kwa shida, yeye alikata turubai akasukuma magunia ya mahindi chini. Watu wakaokota, wakapika, wakamwimba. Askari wakamsaka wamuue.

Siku moja mchana walimpiga risasi ya mguu. Akakimbilia nyumba ya Ndalu, aliyekuwa kwenye arobaini ya uzazi. Mwanamume haingii humo, hata mume. Akiingia, walisema, mtoto haishi.

Ndalu alimtazama mwanawe. Akasema, "Pita nyuma ya kitanda, kaka."

Askari wakafika. Mkunga, Bibi Mbumi, akaziba mlango. "Naapa kwa makaburi ya wanangu, hajaingia mwanamume humu. Au mmekuja kunisaidia kumkanda mzazi?"

Chidumizi, mumewe Ndalu, aliona damu kizingitini. Akaikanyaga. Wakampiga virungu. Hakuinua mguu.

"Kesho tunarudi," walisema askari, wakiogopa mwiko wa kuingia. "Asipotolewa, tutaichoma nyumba hii na waliomo." Wakaweka walinzi njia zote, wakaisahau reli.

Alfajiri treni ikasikika mlimani. Wote wakajikokota hadi relini. Chilewa akasema, "Mkono mmoja unashika behewa. Uliobaki unavuta mtu mmoja tu."

"Mimi," alisema Ndalu. "Nilimweka mwanangu mdomoni mwa kifo. Nitambeba mgongoni."

"Wako yu hai," alisema mkunga. "Mimi wangu wamekufa, na nimeapa uongo kwa makaburi yao. Nikichomwa leo, nitawatazamaje?"

Chidumizi akacheka kidogo, mbavu zinamuuma. "Ninyi mlitoa maneno. Virungu nilikula mimi."

"Bila maneno yangu ungekula risasi, baba," alisema mkunga.

Treni ikapunguza mwendo. Nyuma yao mbwa wakaanza kubweka. Chilewa akadandia, akaunyoosha mkono.

Hapo mama mkwe akaniuliza nani avutwe. Kesho yake asubuhi niliosha kizingiti chetu, ingawa hakikuwa na doa. Treni ikapiga honi mlimani, nikarudi ndani upesi kumshika mwanangu. Ninyi mnaonisikiliza, je, mkono ule nani aliustahili?