Vioo vya Mzee Vuai

"Aliyekuwashia taa, mfutie kioo." Mmeyasikia maneno haya leo arusini, bwana harusi alipomvisha kanzu mwalimu wake wa chuoni, nanyi mkaniuliza yametoka wapi. Methali hii ilianzia hapa hapa mtaani kwetu, na iliyosababisha yote ni ulimi wa Bi Kazija.

Siku hizo umeme ulikuwa haujafika. Taa za njiani zilikuwa za mafuta, zimetundikwa kwenye kuta, na mwashaji wetu alikuwa Mzee Vuai. Kila alasiri alipita na ngazi begani, akatia mafuta, akaingiza mkono ndani ya kila kioo na kufuta masizi. Jua likizama, alirudi kuwasha. Bi Kazija, mjane, alipika vitumbua barazani kwake chini ya taa mojawapo, na kwa vitumbua hivyo alilea watoto wanne.

Mwaka mmoja taa zikafifia. Wateja wakawa wanampita Bi Kazija wasimwone, naye hakuwa mtu wa kumeza neno. Akavaa buibui lake, huyo, mpaka kwa msimamizi wa taa, akashtaki kwamba Vuai amekuwa mvivu.

"Kesho alasiri nakuja kukagua," msimamizi akasema. "Nikikuta hata kioo kimoja kina masizi, namwachisha kazi."

Bi Kazija akarudi ameridhika. Asubuhi yake, alipotoka kufagia baraza, akamkuta Mzee Vuai ameketi chini ya ngazi, kioo mapajani, akijaribu kuupenyeza mkono. Vidole vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi, havipiti. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu mfungo mosi, Ramadhani ilipokwisha. Nimeficha, mwanangu. Kazi nyingine siijui, na leo alasiri msimamizi anakuja kunikagua."

Aibu ikamshika Bi Kazija. Miaka kumi na sita mzee huyu amemwashia, mvua na jua, wala yeye Kazija hajawahi kumwambia ahsante.

"Aliyekuchongea ni mimi, mzee wangu. Nisamehe. Hebu lete hicho kioo."

Mkono wake mwembamba ukapita bila taabu. Akaenda kuwagongea wanawake nyumba kwa nyumba, na kufikia alasiri vioo vyote kumi na vinne vilikuwa vinametameta.

Msimamizi akavikagua, kisha akaitazama mikono ya mzee. "Vuai, umefuta wewe?"

"Tumefuta sisi," Bi Kazija akadakia. "Nilimshtaki kwa kutojua. Yeye anatuwashia taa, sisi tutamfutia kioo."

"Kila siku?"

"Kila siku, bwana, mpaka na mikono yetu ivimbe!"

Msimamizi akacheka, akaenda zake. Mzee Vuai aliwasha taa miaka saba zaidi. Miguu ilipokataa ngazi, wanawake wale wale wakawa wanampikia na kumfulia kwa zamu. Mgeni mmoja akamuuliza Bi Kazija, "Kwani huyu ni nani kwenu?"

Akamjibu, "Aliyekuwashia taa, mfutie kioo."