Mwigizaji wa Machozi

Wanangu, leo siwaletei mfalme wala mchunga kondoo. Nawaletea mwigizaji wa filamu, kwa sababu najua mnazitazama. Hata nyinyi mama zangu wa mstari wa mbele, mliojitanda vitambaa vyeupe, mnazitazama. Haya, tulieni.

Alikuwepo kijana aliyetaka kuigiza, na hakuwa amepewa chochote cha kuigizia. Shingo ndefu, sauti ya mbuzi mwenye kiu, miguu kama ameazimwa. Kila kikundi cha filamu alichokwenda walimtazama, wakatazamana wenyewe kwa wenyewe, wakamwambia asubiri nje. Akasubiri nje miaka. Akabeba viti, akabeba taa, akawachotea maji wenye sura. Walipomwonea huruma wakampa kuwa mwizi, na waliompiga wakasahau kwamba ni maigizo. Wakampa tena kuwa mlinzi wa geti: gari la tajiri linakuja, yeye anafungua, anasema, "Karibu bosi." Filamu ilipotoka, ile "Karibu bosi" wameikata. Umebaki mgongo wake tu unasukuma geti.

Mtaani wakamcheka mpaka wakachoka. Lakini mama yake, mjane aliyekuwa akikaanga maandazi, alikwenda kwa jirani mwenye televisheni, akakaa mkekani, akatazama filamu nzima akiungoja ule mgongo. Ulipopita akapiga kelele: "Yule! Yule ni wangu!"

"Shoga, huo si mgongo tu?" jirani akamwambia.

"Nimeuogesha mimi huo. Utaniambia nini?"

Basi. Siku moja wakawa wanapiga picha za msiba. Filamu zetu mnazijua, haiishi moja bila jeneza. Jeneza lenyewe waliliazima kwa seremala wa mtaa uleule. Sasa yule aliyepangwa kuwa mtoto wa marehemu, kijana mzuri wa sura, kulia hawezi. Anakunja uso kama aliyebanwa na tumbo, chozi hakuna. Wanarudia, hakuna. Mara seremala akatokea, jasho linamtiririka.

"Jamani, nirudishieni jeneza langu. Mwenyewe amefika."

"Mwenyewe nani tena?"

"Maiti! Ndugu zake wako pale karakana na gari, wananiangalia hivi."

Mwongozaji wa filamu akashika kichwa. Akapaza sauti: "Nani anaweza kulia sasa hivi? Yeyote!"

"Mimi," akasema yule kijana.

"Wewe wa geti?"

"Mimi."

Akapiga magoti kando ya jeneza tupu. Na moyoni mwake akafanya jambo ambalo hakuna aliyeliona. Akamchukua mama yake mzazi, mzima wa afya, akamlaza mle ndani. Akamfumba macho. Akamfunga kidevu kwa kitambaa. Akamfunika shuka. Kilichomtoka hapo, wanangu, si kilio cha kuigiza. Waliobeba taa walilia. Seremala mwenyewe alilia, akawasahau watu wake na gari lao.

Kuanzia siku ile geti likafunguliwa na wengine. Akawa anaitwa yeye. Kila mwenye filamu alitaka msiba, na kila msiba ulimtaka yeye. Picha yake ikabandikwa kwenye kuta za saluni. Watoto wakimwona barabarani wanajitupa chini wanagaragara kwa kumuiga. Ile shingo waliyoicheka, sasa wanawake wanasema ndiyo inayompendeza. Mwongozaji akamuuliza, "Hivi wewe unafanyaje?"

"Namzika mama yangu."

"Lo! Basi mwambie asife kweli, utakosa kazi." Wakacheka wote wawili.

Alipokwenda nyumbani kusalimia, mama naye akamuuliza. "Mwanangu, nakutazama unavyolia mpaka nashindwa kula. Unamlilia nani vile?"

"Nakulilia wewe, mama."

Mama akacheka. Kisha akaacha kucheka, akamtazama. "Basi nibakishe kidogo. Usinimalize."

Yule akadhani ni utani. Nyinyi mnadhani ni utani?

Kwa maana aliendelea. Kila filamu alimfisha upya. Alimuua kwa homa, akamuua kwa ajali, akamuua kwa kuzama mtoni. Alimshusha kaburini asubuhi, na wakisema picha haikutoka vizuri, anamtoa, anamshusha tena kabla ya chakula cha mchana. Nguo mtaifua hivyohivyo kila siku, rangi ikae?

Mama akaugua kweli. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akikaa na mama, akampigia simu. "Mdogo wangu, mama amelala. Hanyanyuki. Anakuulizia wewe."

"Nakuja dada. Namaliza kazi hii."

Alipokata simu alikaa akautafuta woga kifuani mwake. Mtu akiambiwa mama yake yu hoi, moyo si unaruka? Wake haukuruka. Habari ile ilimfikia kama habari ya zamani, kama kuambiwa juzi kulinyesha. Alishaona yote. Shuka ameliona, udongo ameuona, shimo analijua. Akafungua soda, akanywa, akarudi kwenye filamu.

Dada akapiga tena. "Leo amekuuliza kabla hajaniuliza maji."

"Si nimesema nakuja? Mbona unanisukuma?"

Akamaliza ile, akaanza nyingine. Simu ya mwisho dada hakusema habari ya kuulizia. Alisema tu siku ya mazishi.

Watu walijaa siku ile mpaka wakakanyaga mihogo ya jirani. Mnadhani walimfuata yule mkaanga maandazi? Walikuja kumwona mwanawe akilia. Simu ziko juu, wengine wamepanda ukutani. Akasogea kwenye jeneza. Akainamisha ile shingo. Hakuna. Akafanya dawa yake ya siku zote: akamchukua mama yake amlaze ndani ya jeneza. Lakini mama yumo tayari! Sasa amlaze nani?

Akasimama pale, macho makavu kama jiko la jana. Watu wakaanza. "Mbona halii?" "Mwacheni, anangoja mpiga picha." "Labda mpaka alipwe." Mtu mmoja akacheka kabisa, msibani.

Yule kijana akageuka, akapita kati ya watu, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye masufuria. Wanawake wanapika, moshi, mchele unachaguliwa. Akamwendea shangazi yake aliyekuwa anamenya vitunguu.

"Shangazi, nipe kisu."

"Cha nini?"

"Nikusaidie."

"Tangu lini mwanamume akakata vitunguu vya msiba? Nenda mbele huko kwa wenzio!"

Akamnyang'anya. Akachuchumaa, na suti yake nyeusi, akakata vitunguu harakaharaka, ameinamia sinia kama anataka kuingia ndani yake. Machozi yakaja. Yalipoanza kutiririka akatupa kisu akakimbia kurudi mbele. Mlangoni akakutana na dada yake.

"Unakwenda wapi na hayo?"

"Nipishe dada, yatakauka."

"Mama hakutaka kuliliwa. Alitaka mtu mwenye nguvu wa kumnyanyua anywe uji. Mimi nilikuwa nashindwa. Ulikuwa ukimwagika shingoni."

Akampita, akaenda akalitupia jeneza mikono. Simu zikanyanyuka. Vilio vikapasua anga. Na watu waliporudi makwao walisema, kwa kweli jamaa huyu hajawahi kulia vizuri kama leo.

Sasa naona midomo imepinda. Mnasema, mtoto gani huyu! Laana gani hii! Ngojeni kwanza. Yule alitumia kifo cha mama yake kutafutia kazi. Sisi tunatafutia nini?

Ni nyumba ngapi zetu hapa, ambazo mzee yuko chumba cha nyuma anakohoa, na sebuleni tumeshakaa kikao? Kitenge cha sare tumeshachagua. Tumeshajua ng'ombe yupi atachinjwa, nani atasoma wasifu, na picha gani itawekwa juu ya jeneza: ile ya ujana wake, maana ya sasa inatisha. Mzee akigonga ukuta anaomba maji, tunamwambia asubiri, tuko kwenye kikao chake. Tumemzoea kama maiti kabla hajafa. Halafu siku akifa tunazimia, tunamwagiwa maji, tunapepewa kwa kanga na watu wanasema jamani, huyu alimpenda baba yake.

Na humu kanisani je? Mchungaji akipandisha sauti kidogo tu, tunalia. Wimbo ukishuka tunalia. Wagonjwa wa mtaa huu tumewaombea kwa machozi mpaka tumejiona tumeshawatembelea. Dada yetu mmoja amelala tangu mavuno. Jina lake tunalitaja hapa kila ibada, tunapangusa macho, tunatoka, tunapita mbele ya mlango wake tukizungumzia bei ya mafuta ya kula. Nani kati yenu anajua godoro lake liko upande gani wa chumba? Inueni mkono. Mbona mnatazama sakafu?

Siku ile tutakayosimama mbele ya Mwenyezi Mungu hatutaulizwa tulilia kiasi gani. Machozi hata ya kitunguu yana chumvi, nani atayatofautisha? Tutaulizwa kama tulikwenda.

Kwa hiyo tukitoka, tusianze kushikana mikono pale nje. Mwenye mama yu hai ampigie sasa, au amfuate. Na asijitie kulia. Amuulize leo amekula nini.