Bi Komba na Nyumba Yenye Tundu

Wewe unayebetua mdomo hapo, ufunge. Ulikuwapo? Hukuwapo. Sasa umejuaje kuwa ni uongo? Kaa, usikie.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyua zao na mashemeji zao, Bi Komba alikuwa mjane mwenye nyumba ya udongo, chumba kimoja, kaipaka chokaa ndani kwa mikono yake mwenyewe. Jirani yake Kiboko aliitamani nyumba ile atie magunia yake ya pumba.

Siku moja Kiboko akamburuta Bi Komba hadi kwa Jumbe Nyati, kamera shingoni, picha mkononi.

"Tazama, Jumbe. Nyumba ya huyu imo ndani ya ua wangu. Kamera haisemi uongo!"

Nyati akaikodolea picha. Kweli, ua umegusana na paa. Bi Komba alijua kwa nini: alikuwa amemwona Kiboko kalala kifudifudi mtaroni, akitafuta pembe ya kuleta karibu kilicho mbali.

"Kamera haisemi uongo," Nyati akakata shauri. "Bi Komba, kesho uhame."

"Ewaa, Jumbe. Lakini mila mnaijua: anayemtoa mtu nyumbani hunywa kwanza uji wake. Njooni asubuhi."

Wangekataaje? Uji wa bure!

Asubuhi wakaja. Pembe za Nyati, kwaruu! mlangoni. Tumbo la Kiboko likapita kwa kusukumwa. Bi Komba akafunga mlango, paa! Dirisha alikwisha kuliziba kwa matambara, na mlangoni kulikuwa na tundu moja tu, kiasi cha punje ya choroko.

"Mbona giza?" Kiboko akauliza.

"Ngoja macho yazoee. Au nayo ni mavivu kama mwenyewe?"

Kidogo kidogo, kwenye ukuta mweupe mkabala na mlango, picha ikajitokeza. Miti imening'inia. Ua umening'inia. Na mke wa Kiboko, aliyekuja na magunia, anatembea miguu juu!

"Yalaa! Mke wangu!"

"Nyumba hii ni kamera," akasema Bi Komba, akikoroga uji. "Tundu mbele, ukuta nyuma. Na kamera, kama mlivyosema wenyewe..."

"Haisemi uongo," Nyati akanong'ona.

"Basi dunia imepinduka huko nje. Mkitoka mtaangukia mawinguni. Niongeze sukari?"

Kiboko akaikumbatia nguzo, meno yakigongana, ka-ka-ka-ka! "Imepinduka kwa nini?"

"Nasikia ardhi ikisingiziwa hukasirika. Aliyeisingizia simjui mimi."

"Ni mimi! Jumbe, ni mimi! Nililala mtaroni nikapiga picha! Ua wangu uko hatua arobaini kutoka hapa! Ee ardhi, geuka!"

Bi Komba akafungua mlango. Jua likaingia, picha ikafutika. Nje, mke wa Kiboko kasimama kwa miguu yake, mikono kiunoni.

"Unalilia nini humo, baba watoto?"

Nyati akakohoa. "Nyumba ni ya Bi Komba. Na ieleweke kwamba mimi sikuogopa." Akatoka mbio, pembe zikaondoka na kipande cha fremu.

Kiboko bado kang'ang'ania nguzo. "Umeniroga! Nimeona kwa macho yangu!"

"Macho yako! Nayo ni vijumba vya giza vyenye tundu. Hata sasa hivi, nyuma ya jicho lako nimesimama kichwa chini. Akili ndiyo inayonigeuza nikae sawa. Kamera haina akili, hungoja ya mwenye kuishika. Maskini kamera yako, itangoja sana!"

"Lakini nimeona..."

"Jicho hupokea picha tu, bwana, anayeona ni akili."

Akabeba sufuria yake ya uji, akatoka, akaubamiza mlango, na ukutani mke wa Kiboko akarudi miguu juu.