Tonge la Ato Gizachew

Wakubwa wana methali waipendayo: mvumilivu hula mbivu. Wasiipende kwa nini, na mbivu wanazila wao? Sisi wengine tunayo yetu, nayo yasema kwamba anayeambiwa angoje, kisha angoje tena, mwisho wake ni njaa. Mwenye shaka na asikie kisa cha Aynadis, binti wa Debre Birhan, mji wa milimani kaskazini mashariki ya Addis Ababa.

Aynadis alipomaliza shule alijiunga na vijana wanaojitolea katika mbio za barabarani za mji wao. Mkurugenzi wa mbio hizo, Ato (yaani Bwana) Gizachew, mtu mwenye kitambi cha heshima na ulimi wa asali, aliwaambia, "Kujitolea ndiyo shule yenyewe. Atakayefanya vizuri nitamwajiri mimi mwenyewe." Kisha akamwita Aynadis kando, akamwahidi kazi ya msimamizi wa njia, yenye mshahara wa kila mwezi.

Basi binti akajitosa mzima mzima. Alfajiri ya baridi ikatayo kama wembe alipanga vizuizi, akafukuza punda na kondoo barabarani, akagawa maji, akaokota chupa zilizotupwa na wakimbiaji. Ujira wake ulikuwa fulana ya manjano na vyeti. Mama yake alivitazama vyeti ukutani, akasema, "Vimependeza. Sasa tuvichemshe kwa chumvi?"

Kila baada ya mbio palikuwa na karamu. Watu wa kule humwonyesha mtu upendo kwa kumlisha: unamega injera, ule mkate wao mwembamba mchachu, unachovya mchuzi, unakunja tonge na kumtia mwenzako kinywani kwa mkono wako. Kulikataa ni tusi. Ato Gizachew aliitumia desturi hiyo njema kama kizibo cha chupa. Kijana aliyemkaribia kuuliza habari za kazi alijazwa kinywa kabla hajafika kwenye swali. Na mwenye tonge kubwa kama ngumi mdomoni atauliza nini? Atatafuna, atameza, atashukuru. Akimfuata ofisini, hujibiwa lile jibu linalojulikana katika kila ofisi ya nchi ile: "Ishi, nege." Sawa, kesho.

Kesho hizo zikazaa miaka.

Mwaka mmoja kiwanda cha mablanketi kikatangaza kuwa kinaajiri, na siku ya mwisho ya kujiandikisha ni Ijumaa. Aynadis akajitanda shali, akaenda kumuaga Ato Gizachew.

"Kiwandani? Wewe?" mkubwa akamaka. "Mwanangu, Jumapili hii natangaza msimamizi wa njia mbele ya wafadhili. Maji umeshayavulia nguo, sasa unakataa kuyaoga?"

"Kwa hiyo ni mimi, mzee?"

"Kwani nina Aynadis wangapi? Hebu nenda kapake rangi alama za njia."

Ijumaa ikapita binti akiwa amepiga magoti kwenye lami, brashi mkononi.

Jumapili mbio zilikwisha salama. Karamuni Ato Gizachew akasimama, akagonga gilasi, akamtangaza msimamizi mpya: Leul, mtoto wa shemeji yake, aliyewasili juzi kutoka Addis Ababa na ambaye hajapata kuinua hata kizuizi kimoja. Wafadhili wakapiga makofi.

Mesele, kijana aliyegawa maji pamoja na Aynadis tangu mwanzo, akamnong'oneza, "Huyo ndiye msimamizi wa njia? Jana nimemwelekeza chooni, akapotea."

Aynadis hakucheka. Aliinuka akaenda hadi meza kuu. Ato Gizachew alipomwona anakuja akafanya alichozoea: akakunja tonge, akalirowesha katika mchuzi mwekundu wa kuku, akanyoosha mkono.

"Njoo, binti yangu mpendwa! Fungua mdomo."

Aynadis akafumba midomo kama mlango wa benki. Mchuzi ukadondokea mkono wa koti la mkubwa.

"Fungua, mwanangu. Watu wanatazama."

"Watazame," alisema, akirudi hatua moja. "Leo nina maneno, na tonge litayazibia njia. Iko wapi kazi uliyoniahidi?"

"Ishi, ishi. Nege tutalizungumza..."

"Kesho ipi, mzee? Za kwako nimezimaliza. Kiwanda nimekiacha kwa neno lako!"

Ato Gizachew akacheka kicheko kikavu, akaligeuzia tonge kwa Mesele. "Kula wewe, mwanangu, mwenye adabu." Mesele, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukataa chakula, akafumba mdomo huku harufu ya siagi ikimtoa machozi. Jirani yake naye akafumba. Meza nzima ya fulana za manjano ikafumba. Mkubwa akabaki na tonge lake hewani, akatazama huku na huku, mwishowe akalitia kinywani mwake mwenyewe, kama alivyofanya kwa kila kitu miaka yote.

Lakini mtu asiniambie kwamba Aynadis alishinda. Leul alibaki na kazi yake. Jumatatu binti alikwenda kiwandani, na mlinzi wa lango akamuuliza kwa huruma, "Ijumaa ulikuwa wapi, dada? Nafasi zimejaa."

Swali lile alilomwuliza Ato Gizachew mbele za watu, angemwuliza mwaka wa kwanza, jibu lingekuwa lile lile, ila yeye angekuwa bado na miaka yake mkononi. Badala yake alirudi kwa mama yake mikono mitupu, na chungu jikoni kikiwa baridi. Kweli waliosema hawakukosea: ngoja ngoja huumiza matumbo.