Mabati Kumi na Mawili ya Kilindimo

Hapo zamani, na sisemi zamani ya fisi na sungura, nasema zamani ya watu wenye majina na madeni ya chumvi, kigango cha Kilindimo kilijenga kanisa. Tofali za kuchoma, madirisha ya vioo, bati juu. Kazi ilipokwisha, mabati kumi na mawili yakabaki. Yanaezeka nyumba moja ndogo, hayaezeki mbili. Na watakapokuja watu watatu kuyadai, usiniambie wagawane. Mabati manne hayatoshi hata banda la nguruwe.

Mwenyekiti wa kigango alikuwa Wigbert, mwenye shamba kubwa la kahawa na tumbo la kulisimamia. Akasema, "Tujenge kibanda cha gari la Askofu."

Padri Kasto akamuuliza, "Askofu anakuja huku mara ngapi?"

"Mara moja kwa miaka mitatu, Baba."

"Basi gari lake lilowe mara moja kwa miaka mitatu. Novemba imefika, na humu kigangoni kuna watu wanalala macho mvua ikinyesha. Mabati yanakwenda kwenye nyumba ya mtu. Anayeona anastahili, aje hapa kanisani Jumamosi aseme mbele ya wote."

Wakaja watatu.

Akasimama Gaudens, fundi, na fimbo yake.

"Kanisa hili nimeliezeka mimi. Mliniambia, fundi, nusu ya ujira chukua, nusu mpe Mungu. Hamkuniuliza kama nataka kumpa. Mlimpa ninyi kwa mkono wangu. Nikapima bati, nikapima tena, nikakata bila kutupa kipande cha upana wa kiganja. Fundi mwingine angeyamaliza yote na kuomba mengine. Haya kumi na mawili yametoka kichwani mwangu. Siku ya mwisho nikaanguka kutoka pale juu, nyonga yangu mnaiona. Nani ataniita kazini tena? Siombi msaada, nadai changu. Kanisa limeezekwa, Gaudens ananyeshewa!"

"Lakini fundi, ulikubali mwenyewe," akasema Wigbert.

"Ulinitangaza baada ya Misa, Mwenyekiti, watu wote wamesimama. Nani anabishania ujira wake na Mungu mbele ya kwaya?"

Watu wakacheka. Kwaya haikucheka.

Akasimama Eufrasia, mjane, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

"Fundi, ulipokuwa ukipima bati ulikuwa umesimama juu ya nini? Juu ya ukuta. Na ukuta ni tofali. Tofali zile zilikuwa udongo mbichi, elfu nne, zimeanikwa bondeni, siku ilipokuja mvua isiyo na msimu. Mlikuwa wapi? Kwenye arusi ya binti wa Mwenyekiti, mnakula pilau. Nyasi za kufunikia hazikutosha. Nikapanda juu ya nyumba yangu, nikang'oa paa langu kwa mikono hii, nikazifunika tofali za Mungu. Zikapona. Kwangu mahindi yakaota ndani ya gunia. Jumapili mkanipigia makofi. Haya, nimeyatandaza yale makofi juu ya nyumba, yanavuja! Mwaka mzima nalala chini ya mifuko ya mbolea. Kanisa limeezekwa, Eufrasia ananyeshewa."

"Dada, nani alikutuma ung'oe?" akauliza Gaudens.

"Na wewe nani alikutuma uanguke?"

Akasimama wa tatu. Huyu ni Somoe, aliyetoka upande wa Tunduru kuja kuchuma kahawa. Mtoto mgongoni, anakohoa. Hajafungua kinywa, Wigbert amekwisha ruka.

"Huyu anataka nini? Hata tofali moja hakuleta! Jumamosi zote za msaragambo, kazi ya wote, kila kaya inabeba, huyu haonekani. Na wala si Mkatoliki."

"Kweli, Mwenyekiti," akasema Somoe. "Tofali sikuleta. Hebu waambie, Jumamosi hizo nilikuwa wapi?"

Wigbert akaanza kutafuta leso yake.

"Basi nitawaambia mimi. Nilikuwa shambani kwake, nachuma kahawa yake. Aliniambia nisipokuja Jumamosi, na Jumatatu nisije. Wazee wangu, kanisa hili sikulifanyia kitu. Sina nyonga ya kuonyesha, sina nyasi za kusimulia. Nalala kwenye banda la kuanikia kahawa, lina ukuta upande mmoja. Mwezi wa tatu nilizika mtoto kwa kifua. Huyu ana kifua hichohicho."

"Nyumba yenyewe huna," akasema Wigbert. "Mabati utayaweka kichwani?"

"Balozi wa nyumba kumi amenipa kiwanja. Nguzo nane nimekwisha kuzichimbia mwenyewe, jioni, baada ya kahawa yako. Zinangoja bati. Kanisa limeezekwa, mwanangu ananyeshewa."

Ndipo mvua ikaanza. Ikapiga bati jipya kishindo kikubwa. Watu wote wakatazama juu, na halikudondoka tone hata moja. Wale watatu hawakutazama juu. Waliyatazama yale mabati yaliyoegemezwa ukutani. Gaudens akaweka fimbo yake juu ya mabati, akashika upande mmoja. Eufrasia akashika upande wa pili. Somoe akamhamisha mtoto kifuani, akashika kwa mkono uliobaki. Hakuna aliyeachia.

"Tusali kwanza," akasema Wigbert.

"Tumekwisha sali," akasema Padri. Akaenda akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni. "Nimekaa seminari miaka tisa. Kila ninachokikumbuka kinaniambia nisimnyime fundi, nisimsahau mjane, nisimfukuze mgeni. Hakuna kilichoniambia mabati yakiwa kumi na mawili nifanyeje. Kesho Misa sisomi mpaka haya yamepata nyumba yake. Hatoki mtu."

Mpaka hapo nimefika, na msinitazame mimi. Wigbert mwacheni, huyo nina maneno naye. Ninyi mliokaa pakavu, mkishiba viazi vyangu, semeni: mlango umefungwa, mvua inanyesha, mikono mitatu imeshika na hakuna unaolegea. Yupo aliyedhulumiwa, yupo aliyetoa paa lake, yupo asiye na chochote. Je, ninyi mngeezeka nyumba ya nani?