Mwenye Msitu na Watunzi wa Haiku

Watunzi wa haiku, yale mashairi ya mistari mitatu, walipotoka matembezini katika msitu wa Bwana Shemdoe kuelekea mashindano ya ushairi, tajiri huyo aliwazuia getini.

"Kila kilichomo humu ni changu," alisema. "Mashairi mliyoyaandika humu yatasomwa mashindanoni kwa jina langu."

"Hata wadudu ni wako?" aliuliza Bi Sikudhani, mmoja wa watunzi.

"Hadi sisimizi."

"Basi tuwaite majirani washuhudie, asije mtu akabisha."

Shemdoe alifurahi, akayarudia maneno yake mbele ya wakulima waliotoka shambani na majembe. Bi Sikudhani akasoma shairi lake:

"Nguruwe mwitu:
mahindi ya jirani
yameshaliwa."

Wakulima wakamgeukia Shemdoe. "Kumbe nguruwe wale ni wako?"

"Wangu wapi? Humu sina changu hata jani," alisema akirudi kinyumenyume.

Bi Sikudhani alifungua geti. "Washairi, mmesikia. Twendeni mashindanoni."